Mbio ya nne mwaka huu na miguu imekuwa mizito, niongeze mazoezi au niache?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Nzuguni, nimelifupisha maana lilikuwa refu kweli: "Shikamoo kocha. Nina miaka 39, mtumishi, ofisi yetu iko Mtumba, huu mwaka wa tatu nakimbia. Mwezi wa saba nilikimbia kilometa 21 (nusu marathoni) ya hapa Dodoma nikamaliza masaa 2 na dakika 4, nilifurahi sana. Agosti nikaenda Dar nikapata 2:11. Nikaona nimezembea, nikapandisha kilometa za wiki kutoka 35 mpaka 55 na nikaongeza jimu Jumanne na Alhamisi jioni. Oktoba nikaenda Mwanza nikapata 2:17! Sasa mwisho wa mwezi huu wa Novemba kuna 21 nyingine hapahapa Dodoma nimeshalipia, halafu Desemba marafiki zangu wa Dar wameniingiza kwenye triathloni ndogo ya ufukweni, kuogelea mita 750, baiskeli kilometa 20, kukimbia 5. Zimebaki wiki tatu na nusu. Nipande mpaka kilometa 65 au nifanyeje? Mume wangu anasema niache kabisa. Nimekutumia na picha za daftari langu la mazoezi."

Marahaba dada. Jibu fupi ni hapana, usiongeze hata kilometa moja. Na shemeji ana haki nusu, hiyo nusu nyingine ntaifikia huko chini.

Kwanza nikushukuru kwa daftari, mana watu wengi wananiuliza maswali wakiwa na screenshot ya saa tu, na saa haijui kama jana ulilala masaa manne. Nimekaa nalo jana usiku mpaka chai ikapoa. Kuanzia wiki ya pili ya Septemba neno "mizito" nimelihesabu mara kumi na moja, Juni na Julai yote sijaliona hata mara moja. Kuna Alhamisi ya Oktoba umeandika "km 8, pesi 6:50, nahema kama napanda Chimwaga", pesi yani dakika unazotumia kwa kilometa moja, na nikarudi nyuma nikakuta km 8 hizohizo, njia hiyohiyo, mwezi wa sita ulizikimbia kwa 6:10 na pembeni umeandika "nyepesi, nimeimba njiani". Halafu kuna ile kalamu nyekundu, mapigo ya moyo asubuhi kabla hujatoka kitandani, Julai 58, 57, 58, Oktoba 64, 66, 65. Dada yangu, jibu ulikuwa nalo mwenyewe kwa wino mwekundu, ulikosa tu mtu wa kukusomea.

Hiyo sio miguu ya mtu asiyefanya mazoezi, hiyo ni miguu ya mtu anayedaiwa. Ukikimbia 21 kwa nguvu zako zote misuli inachanika vipande vidogovidogo ambavyo huvioni, akiba ya wanga unairudisha ndani ya siku moja au mbili ukila vizuri ndo mana Jumanne unajiona umepona, lakini misuli yenyewe inataka kama wiki mbili, kano na mifupa ni wavivu zaidi. Sasa wewe umetoka Dar, hujamaliza kulipa deni la Dar, ukachukua mkopo mwingine wa kilometa 20 kwa wiki, yani zaidi ya nusu ya ulichokuwa unakimbia, na jimu juu yake. Mazoezi yanabomoa, anayejenga ni usingizi na chakula, na mafundi hawa wawili umewapa kazi ya miezi miwili wamalize kwa wiki mbili. Ukiwapelekea 65 watakaa chini.

Na hili sio kosa lako peke yako, kalenda yetu haina mwisho. Wazungu baridi linawafukuza barabarani, theluji ikidondoka msimu umefungwa, anakaa ndani miezi miwili atake asitake na mwili unapumua. Sisi hapa nani atatufukuza? Julai Dodoma, Agosti Dar, Oktoba Mwanza, mwisho wa Februari Kili kule Moshi, na katikati yake kila Jumamosi kuna ya kuchangia madawati, ya kuchangia wodi ya akina mama, siku hizi hata kilometa tano inaitwa marathoni na tisheti inatolewa. Klabu za joging nazo zinaalikana kama harusi, msipoenda kwao hawaji kwenu. Matokeo yake mtu wa Dodoma akifika Novemba ameshachoka tangu Septemba ila hakuna aliyemwambia msimu umeisha. Inabidi uufunge mwenyewe, hakuna atakayekufungia.

Sasa tuangalie hizo namba zako maana umezisoma vibaya. Ulipotoka 2:04 ukapata 2:11 ulijiona umezembea. Dada, Dar iko usawa wa bahari, hewa imejaa unyevu, jasho linakutiririka mpaka kwenye raba lakini halikauki, na jasho lisipokauka halipozi mwili. Dodoma tuko kama mita 1,120 juu ya bahari, hewa kavu, jasho linakauka likikutoka tu. Mtu wa huku akishuka pwani kwa safari ya siku mbili dakika saba ni kitu cha kawaida kabisa, mwili unahitaji kama siku 10 mpaka 14 kuzoea joto la aina ile. Dar hukuzembea, Dar ulikuwa sawa! Kosa ulilifanya Jumatatu yake ulipokaa ukapanga kujiadhibu.

Mwanza ndo yenye ujumbe. Mwanza iko karibu mwinuko uleule wa Dodoma, joto lake sio la kutisha, kwahiyo huna wa kumsingizia pale zaidi ya vilima. Ila kwenye daftari Ijumaa umeandika "basi la usiku, sijalala", Jumamosi "kuchukua namba, kutembea mjini", Jumapili ukakimbia. Masaa yote yale umekaa miguu imening'inia, vifundo vimejaa, na wiki ileile kabla ya safari ulikuwa umeshapiga kilometa 52 na jimu mara mbili. Mi hapo nashangaa ulimaliza.

Ngoja nikupe mfano wa jirani yetu hapa Singida, Alphonce Simbu. Mwaka 2025 tarehe 21 Aprili alikimbia Boston akawa wa pili, 2:05:04. Marathoni kubwa iliyofuata ilikuwa mashindano ya dunia Tokyo tarehe 15 Septemba, wiki 21 katikati, na tulivyoona wote akamshinda yule Mjerumani Petros kwa sekunde 3 kwa mia, kifua tu, dhahabu ikaja Tanzania. Kuna vitu viwili nataka uvichukue pale. Cha kwanza, mtu ambaye kazi yake ni kukimbia, ana kocha, ana mtu wa kumkanda, mchana analala, aliweka wiki 21 kati ya mbio mbili kubwa, wewe una ofisi, watoto na foleni ya kutoka Mtumba umeweka wiki nne, halafu nane, halafu sita. Najua yake ni 42 na yako 21, lakini bado. Cha pili, muda wake wa Tokyo ulikuwa 2:09:48, karibu dakika tano nyuma ya Boston, na ndo siku aliyokuwa bingwa wa dunia. Njia ni tofauti, Boston ina mteremko, na mashindano ya dunia watu wanaviziana, lakini joto la Tokyo siku ile lilimpunguza kila mtu. Sasa kama bingwa wa dunia joto linamwongezea dakika, wewe unataka Novemba ya Dodoma ikupe muda wa Julai?

Hapa ndo pa kukaa kidogo mana watu wa huku wanapasahau. Julai asubuhi Dodoma unakuta nyuzi 13 au 14, unavaa sweta kusubiri king'ora. Novemba asubuhi hiyohiyo ni 18, 19, na ikifika mchana ni 31. Lakini kubwa zaidi ni jua lenyewe. Mwezi wa saba jua letu linachomoza karibu saa moja kasoro dakika kumi, Novemba linachomoza saa kumi na mbili na dakika kama nane hivi. Yani mbio ikianza saa kumi na mbili na nusu, Julai dakika ishirini za kwanza unakimbia kwenye mapambazuko na ubaridi, Novemba ukivuka mstari jua limeshapanda linakusubiri. Kwa mtu wa masaa mawili na robo hiyo ni kama dakika ishirini za jua zaidi, na jua lenyewe limetangulia kupanda kwa kama dakika arobaini, kwa mbio ileile na muda uleule wa kuanza. Na mvua bado, ardhi imekauka tangu Mei, vumbi tupu, mibuyu haina jani, kivuli utakiona kwenye kituo cha mafuta tu.

Joto letu kavu lina ujanja wake pia, ukimaliza shati halijalowa unasema leo sijatoka jasho. Limetoka, limekauka. Pitisha kidole kwenye kola au pembeni ya jicho utakuta chumvi, tena kwenye kofia nyeusi inachora kabisa mstari mweupe kama ramani.

Kwahiyo wiki hizi tatu na nusu tunafanya hivi. Wiki hii ya kwanza siku tatu usikimbie kabisa, tembea, lala, kula. Jimu futa mpaka mwakani. Baada ya hizo siku tatu toka mara tatu tu, dakika 30 mpaka 40, taratibu kiasi cha kuweza kupiga stori na mwenzio bila kukata maneno, na kama hakuna mwenzio ongea na simu, wakikuona kichaa shauri yao. Wiki ya pili jumla kilometa 30 zisizidi, siku moja ukishapasha mwili kimbia dakika tatu kwa nguvu unayotaka kukimbilia mbio yenyewe halafu dakika mbili taratibu, rudia mara tano, basi. Jumamosi 14 za taratibu na hiyo siku usitoke alfajiri, toka saa moja asubuhi makusudi ili jua likuone, mana nimeona mazoezi yako yote unaanza saa kumi na moja gizani, mwili wako haujawahi kukutana na jua la saa mbili mpaka siku ya mbio. Wiki ya tatu shuka mpaka 22, vile vipande vya kasi vifanye vinne vya dakika mbili. Wiki ya mbio, mara tatu tu, dakika 25, 20, 15, na katikati unakimbia mita kama 80 kwa kasi nzuri mara nne kuamsha miguu.

Utaona nimekata kilometa lakini kasi kidogo nimeiacha, hiyo ni makusudi. Watu wakiambiwa punguza wanapunguza vyote, wanajikokota wiki mbili, siku ya mbio miguu imelala. Kinachotakiwa kupungua ni wingi, kati ya asilimia 40 na 60 ndani ya wiki mbili za mwisho, kasi ile ya mbio unaendelea kuionja. Na hofu yako kwamba pumzi itapotea ndani ya hizi wiki futa, siku kumi za kupungukiwa mazoezi haziwezi kukunyang'anya miezi kumi. Utajisikia mzito siku za mwanzo, utaota umesahau raba nyumbani, utasikia maumivu kwenye goti ambalo halijawahi kuuma tangu uzaliwe, kila mtu inampata hiyo.

Siku yenyewe sahau 2:04. Ukianza na pesi ya 5:53 kwa mwili huu na jua hili utazima kilometa ya 13 halafu zilizobaki ni kutembea na kuangalia watu wanakupita na miavuli. Kilometa tano za mwanzo kimbia 6:35, utaumia moyoni mana hata wale wa kujipiga picha watakupita, waache. Kutoka ya 5 mpaka ya 16 kaa kwenye 6:20, na kama kuanzia pale umebakiwa na kitu toa 6:05, hapo unamaliza 2:13 na sekunde kadhaa. Mi kwa Novemba ningekupigia makofi. Kumbuka na upepo, mara nyingi upepo wetu unavuma kutoka mashariki, kama njia inaelekea upande wa Ihumwa mkianza utakuwa unakupiga usoni, tafuta mtu mwenye mgongo mpana ujifiche nyuma yake, mkigeuka ndo mwende mnasukumwa, ila kwenye kurudi huko hausikii upepo na ndo joto linapopanda ghafla. Hapo ndo watu wanaangukaga.

Maji, kunywa ukisikia kiu. Usinywe kila kituo kwa hofu. Kuna watu wanaokwenda taratibu wanakunywa glasi baada ya glasi mpaka chumvi ya damu inashuka, kichwa kinauma, wanatapika, pete inabana kidoleni, na wasamaria wanawaongezea maji wakidhani ni kiu. Ila na wewe usiamini vituo moja kwa moja, mi kuna mwaka nilikimbia mbio moja ya mwisho wa mwaka, siitaji jina, kilometa ya 15 nikakuta meza, makatoni matupu na kijana mmoja anasema "maji yanakuja". Yalikuja kweli, tulishamaliza. Tangu siku hiyo natembea na chupa ndogo ya mkononi na chumvi kidogo nimeikunja kwenye nailoni.

Chakula cha njiani umeniuliza zile jeli za kubana za elfu kadhaa kamoja. Dada uko Dodoma, zabibu zinalimwa hapo Hombolo na Mpunguzi! Nenda soko la Majengo kanunue zabibu kavu. Gramu 30, ni kama kiganja kidogo kilichojaa, zina karibu gramu 23 za wanga, na mtu wa masaa mawili na robo anatosha kupata gramu 30 mpaka 60 kwa saa. Kula kidogo kuanzia kilometa ya 6, nyingine ya 10, nyingine ya 15, kila mara na maji. Lakini zijaribu kwenye ile 14 ya Jumamosi, zina nyuzinyuzi, tumbo la mwingine linakataa na usingependa kuligundua hilo barabarani mbele ya Bunge. Asubuhi amka mapema uji wa uwele mwepesi wenye sukari na ndizi, masaa mawili na nusu kabla. Usiku wa kuamkia mbio kula wali au ugali na samaki, maharage na mlenda viache vipumzike siku hiyo, kwa heshima zote kwa wenyeji wangu Wagogo.

Sasa kuna vitu viwili vimenisumbua kwenye daftari na ningependa uvishughulikie kabla ya yote haya. Uchovu wako na mapigo yaliyopanda vinaweza kuwa mazoezi tu, lakini vinaweza pia kuwa damu. Mwanamke wa miaka 39, unaona siku zako kila mwezi, unakimbia kilometa 55, na nimeona kila mlo umeandika chai. Chai ya rangi na chakula pamoja inazuia madini ya chuma kuingia mwilini, isogeze saa moja au mawili mbali na mlo, na mboga zako kamulia limau. Nenda kapime wingi wa damu, mwanamke asiye mjamzito akiwa chini ya gramu 12 kwa desilita hiyo ni upungufu, na kama pana uwezo waombe wapime na akiba ya chuma yenyewe, feritini, mana damu inaweza kusoma 12 na nusu huku ghala liko tupu. Usinunue vidonge kabla hujapima. Pili, umetoka Mwanza mwezi uliopita, kanda ya ziwa malaria ni nyingi kuliko huku kwetu, homa ikikushika au hata kichwa na viungo kuuma kusikoeleweka pima kile kipimo cha haraka cha kidole, usiseme ni mazoezi.

Kingine ni ugoko wa kushoto. Umeuandika mara nne kwa herufi ndogo kama mtu anayeficha deni la dukani. Leo jioni kaa chini, bonyeza mfupa wa ugoko kwa kidole gumba kuanzia chini ya goti mpaka karibu na kifundo. Kama maumivu yametapakaa eneo refu kama shubiri, na yanapungua ukishapata moto, huo ni mchubuko wa misuli na utando wa mfupa, mapumziko ya wiki hii na barafu yatakusaidia. Kama kuna sehemu moja tu ya ukubwa wa sarafu, ukiibonyeza unaruka, na usiku inauma umelala, na ukirukaruka kwa mguu mmoja inachoma, simama hapo hapo, hakuna Novemba. Huo unaweza kuwa ufa kwenye mfupa. Na usikubali kupigwa picha moja ukaambiwa safi kaendelee, mimi ilinikuta, picha ya wiki ya kwanza ilikuwa nyeupe kabisa, aliyenihudumia akanipigapiga begani akasema we ni mwanamichezo utapona, nikakimbia nayo, baada ya wiki tatu picha ya pili ikaonyesha mfupa umeanza kujijengea kinundu pale ulipopasuka. Nililipa miezi mitatu. Siku hizi naweza kukuonyesha mahali penyewe gizani bila kutafuta.

Triathloni ya Desemba, hapa nitakuwa mkali. Baiskeli ya 20 utaimaliza, 5 za kukimbia utazimaliza, mita 750 za bahari hapana. Umeandika unaogelea kwenye bwawa la hoteli "mizunguko sita napumzika". Bwawa la mita 25 hiyo 750 ni mara thelathini kukata, na bwawani una ukuta wa kushika, unaona chini, hakuna wimbi wala mtu anayekupiga teke la uso. Bahari haina pa kushika. Kuogelea hakujazwi kwa wiki tano, na usije ukashauriwa ukajaribie Mtera kwa sababu ni maji makubwa ya karibu, Mtera ina mamba na viboko na hawajasoma ratiba ya mazoezi. Waulize waandaaji kama wanaruhusu timu ya watu watatu, mwogeleaji wenu aogelee, wewe chukua baiskeli. Wakikataa panda treni ya SGR, nenda kawashangilie wenzio, kula pweza. Na namba yako usimpe mtu mwingine akimbie nayo, akianguka njiani watamtibu wakidhani ni wewe.

Nusu ya shemeji sasa. Anasema uache kabisa, mi nasema uache baada ya Novemba. Ukishavuka ule mstari raba ziweke juu ya kabati wiki tatu. Sio "taratibu kidogo", sio "nitaenda tu na klabu Jumamosi", hapana. Tembea na mumeo jioni pale Iyumbu, kaogelee ujifunze vizuri bila presha, lala mpaka saa moja siku ya Jumapili. Mvua zitakuwa zimeanza kunyesha, Dodoma inageuka kijani kwa wiki moja, ni kipindi kizuri cha kutokuwa na ratiba. Kama unaitaka Kili, kutoka Krismasi mpaka mwisho wa Februari una wiki tisa, kwa 21 zinakutosha ukianza ukiwa mzima, na tutaanza na 25 kwa wiki, sio 55.

Na kwenye hizo wiki tatu daftari usilifungie kabatini na raba, kalamu nyekundu iendelee, mapigo ya asubuhi tu hakuna kingine. Yakirudi 58 asubuhi nne mfululizo nipigie picha hiyo kurasa unitumie.